Ubao wa Juu ya Mlango

Mwezi ule mji wa kaskazini wa Chiang Mai haukuwa na mlima. Ulikuwepo, maana mlima hauhami, lakini moshi wa mashamba yanayochomwa kila kiangazi ulikuwa umeufunika wote, na jua lilikuwa limebaki doa jekundu ambalo mtu aliweza kulikodolea macho bila kukunja uso. Watu walivaa barakoa, macho yamewaiva, kila mmoja anakohoa kivyake. Katika hali hiyo Saengla alikuwa anajipenyeza kwenye msongamano wa Kat Luang, soko kuu la mji, upande wa wauza maua, mkononi ameshika koja la asumini la kuipelekea mizimu ya ukoo wao.

Alikuwa amevaa nguo za kazini: blauzi nyeupe ya pamba, sketi ndefu ya kufumwa kwa mkono yenye pindo la nyuzi nyekundu na za dhahabu, nywele amezifunga fundo kisogoni. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, hajaolewa, na mama yake alikuwa anamkumbusha jambo hilo kila wanapokaa kula.

Mwanamume alitokea upande wa wauza soseji za viungo, begi la zana begani, mpini wa nyundo ya mti umechomoza nje. Walipopishana, mpini ukanasa koja, uzi ukakatika, asumini zikamwagika kwenye maji ya barafu na magamba ya samaki.

"Wewe kaka, simama hapo hapo."

Akasimama. "Nimefanya nini?"

"Tazama chini."

Akatazama chini, akatazama mpini wa nyundo, akaelewa. "Samahani, dada. Nitakununulia jingine sasa hivi."

"Atakuuzia nani?" akadakia bibi muuza maua. "Hilo lilikuwa la mwisho. Nimebakiwa na maua na uzi tu, na macho yangu kwa moshi huu hayaoni tundu la sindano. Mwenye nyundo akae atunge."

Saengla alidhani yule mtu atacheka na kwenda zake. Hakwenda. Alipindua ndoo, akaikalia, akachukua sindano kwa vidole vinene vyenye makovu, akaanza kutunga ua moja moja huku wapita njia wakimgonga magoti. Saengla akabaki amemsimamia, mikono kiunoni.

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Wa nyumba za mbao."

"Na nyumba zako zinasimama?"

"Mpaka leo hakuna iliyokuja kulalamika."

"Koja lako limepinda."

"Nimeliona. Ni la nani, la mchumba?"

"La mizimu. Na ikiuliza nani kalitunga hivi, nitakutaja wewe."

"Hunijui jina, utanitajaje?"

"Nitasema, yule wa nyundo."

Macho ya yule mwanamume yakacheka juu ya barakoa. Yalikuwa na wekundu wa moshi kama macho ya kila mtu, ila haya yalikuwa yanamtazama yeye tu. Alimkabidhi koja kwa mikono miwili, kwa adabu, na Saengla akaondoka bila kugeuka nyuma. Alipofika kwenye daraja ndipo alipogundua kwamba anatabasamu peke yake.

Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa ya makumbusho, na kabla ya hapo ilikuwa ya kwao. Nyumba ya mtiki mtupu, imeinuliwa juu ya nguzo nene, kuta zake zimelalia nje kidogo, na juu ya paa mbao mbili za kuchongwa zimepishana kama pembe. Bibi yake mzaa mama alizaliwa humo, na mama wa bibi. Baba alipofariki, paa likawa linavuja na nyumba haina mtoto mwingine ila Saengla, ndipo mama yake, Mama Bunpan, alipoikabidhi kwa taasisi iliyoahidi kuitunza isianguke. Wageni wakaanza kupanda ngazi, wanavua viatu, wanatazama vitanda vya kufumia nguo, vikapu vya wali wa kunata, na mtungi wa maji ya kunywa pale barazani. Saengla ndiye aliyewatembeza. Mama alihamia kijumba cha matofali nyuma ya ua, akabakiza sharti moja tu: chumba cha ndani kisikanyagwe na mtu.

Humo ndimo ilimokaa mizimu. Kulikuwa na rafu ndogo kwenye kona ya mashariki, na Mama Bunpan, kwa kuwa ndiye mwanamke mkubwa wa ukoo, ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Kila asubuhi alipanda na sinia ya wali na ndizi, akafagia, akaongea na marehemu mama yake habari za jirani na bei ya mboga. Juu ya mlango wa chumba hicho palikuwa na ubao mpana uliochongwa maua na mizabibu. Huko kaskazini ubao ule ndio ngao ya nyumba. Nguvu za wenyewe zinakaa hapo, zinamtazama kila anayeingia.

Kesho yake asubuhi Saengla alikuwa anajaza mtungi barazani aliposikia sauti chini ya ngazi.

"Wenyewe wapo? Nimetumwa na taasisi kuangalia mchwa."

Alichungulia. Mwanamume amevaa shati la buluu la pamba, lile la watu wa mkoa wa Phrae, hana barakoa, uso mpana, ndevu hazijanyolewa siku kadhaa. Hakumjua. Kisha akaona mpini wa nyundo.

"Yule wa nyundo," akasema.

Mwanamume akainua kichwa, akabaki ameduwaa kwa uso ule ambao jana hakuuona. "Naitwa Phuri," akasema. "Sasa unaweza kunitaja."

Kazi ya mchwa ilikuwa ya wiki chache, Phuri akaifanya ya miezi. Aligonga kila nguzo kwa nyundo yake ya mti, polepole, sikio amelilaza kwenye mbao. Alisema mtiki mzima unajibu, ulioliwa unanyamaza. Saengla alikuwa akimletea maji kwa kata ya kifuu cha nazi, na kila mara alikuta sababu ya kukaa.

"Kaka Phuri, hapo umegonga mara ngapi? Nguzo imeshachoka."

"Nasubiri uniletee maji mengine."

"Utapasuka tumbo."

"Basi keti tu, maji yaache."

Siku moja walisimama mbele ya mlango wa chumba cha ndani, kwenye kizingiti kirefu kilichozuiwa kwa utepe mwekundu. Phuri alikuwa anajua fika mambo hayo, Phrae nako ni kaskazini, lakini alitaka kuyasikia kwake.

"Mwanamume akivuka hapa bila ruhusa, inakuwaje?"

"Ameikosea mizimu. Analipa. Kuku wawili, chupa ya pombe ya mchele, maua na mishumaa. Anavileta kwa mtunzaji, anapiga magoti, anakiri."

"Na yule anayetaka kuoa binti wa nyumba, analeta nini?"

Saengla akatazama pindo la sketi yake. "Kuku wawili, pombe ya mchele, maua na mishumaa. Unayajua haya, unaniuliza ya nini?"

"Nataka nikusikie ukitaja." Akaugusa utepe kwa kidole kimoja, akamwita kwa kifupi cha jina lake. "Siku nitakayovuka hapa, La, sitavuka kama fundi."

Jioni zile walikula tambi za mchuzi wa nazi kwenye kibanda cha karibu na mto, na kila Phuri akifika kwenye chumba chake cha kupanga simu ilikuwa inaita.

"Umefika?"

"Nimefika. Umekula?"

"Si tumekula wote, wewe."

"Nilitaka kusikia sauti. Lala, mpenzi. Kesho nina nguzo ya kugonga."

"Zimebaki ngapi?"

"Nyingi sana. Nimezihesabu vibaya makusudi."

Mama Bunpan alimpima kijana huyo kwa muda wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, shavu moja limejaa majani ya chai yaliyochachuliwa ambayo alikuwa anayatafuna kutwa. Alimuuliza habari za watu wake, alimuuliza kama mama yake yu hai, alimpa majani ya chai na kumtazama kama atakunja uso. Phuri alitafuna, akameza, akaunganisha viganja kifuani kushukuru. Mama alimwambia binti yake siku hiyo, "Huyu anagonga nyumba kwa adabu. Mwaka huu tukilisha mizimu, mwambie awepo." Kwa Mama Bunpan maneno hayo yalikuwa ni nusu ya harusi.

Hapo wangeweza kufurahi moja kwa moja. Watu wengi tu wanafurahi, wala hawakufanya jambo kubwa kuistahili furaha hiyo.

Mvua za kwanza ziliosha moshi, mlima ukarudi mahali pake. Asubuhi moja Phuri alikuwa barazani akaona unga laini wa mbao umemwagika juu ya kizingiti cha chumba cha ndani. Aliinua macho. Unga ulikuwa unadondoka kutoka kwenye ubao uliochongwa, kidogo kidogo, kama mtu anayetikisa chekeche. Alivuta kigoda, akapanda nje ya kizingiti, bila kuugusa utepe, akachukua nyundo yake, akagonga pembeni mwa ubao. Ukanyamaza. Akagonga katikati. Ukanyamaza. Akasogeza sikio, akagonga tena.

Mama Bunpan alikuwa anapanda ngazi na sinia.

Sasa ni lazima mtu ajue kile alichokiona. Huko kaskazini, anayenunua nyumba kuukuu, kabla hajahamia, huupiga ubao ule kwa nyundo na kuutukana, ili nguvu za wenyewe wa zamani zivunjike zimpishe. Mama Bunpan alipokuwa msichana aliona kwa macho yake wakiupiga wa jirani, na bibi wa nyumba ile amesimama njiani na vyombo vyake, analia bila sauti. Tangu siku aliyotia sahihi kuikabidhi nyumba kwa taasisi, jambo hilo lilikuwa linamkaa kooni. Alikuwa analingoja, ingawa hakumwambia mtu.

Sinia ikaanguka. Wali ukatapakaa ngazini.

"Mama," Phuri akasema, akishuka haraka kigodani. "Mama, nilikuwa nasikiliza tu."

Mama Bunpan hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alikaa kwenye ngazi penye wali, akasema kwa sauti ndogo, "Nyumba ni yenu sasa. Nilijua mtakuja kuipiga. Sikujua watakutuma wewe."

Saengla alifika mbio kutoka getini, akamkuta mama yake hawezi kuinuka, mkono wa kushoto umelegea mapajani. Hospitali walisema presha, walisema apumzike, wakampa vidonge. Alirudi nyumbani akitembea kwa kuburuza mguu, na tangu siku hiyo hakupanda tena ngazi ile. Alilala kijumbani, uso umeelekea ukutani.

"Mama, kula kidogo."

"Juu kule kuko kimya, mwanangu. Zamani nikilala hapa nilikuwa namsikia bibi yako akitembea. Sasa simsikii. Ameondoka bila kuniaga."

Saengla alitoka nje akalia kwenye jiko la nyuma, ambako mama hatamsikia.

Phuri alikuwa anangoja chini ya nyumba, kati ya nguzo, mahali walipozoea kukaa. Mvua ilikuwa inachuruzika ukingoni mwa paa pande zote, na wao walikuwa katikati ya hapo pakavu.

"Anaendeleaje?"

"Hali chochote. Kaka Phuri, nina jambo moja nakuomba. Lipa."

"Nilipe nini?"

"Kuku wawili, pombe, maua. Piga magoti kitandani kwake, useme umekosa. Ataamini bibi amerudi, atakula. Ni hivyo tu."

"Nikilipa nimekiri," Phuri akasema. "Nimekiri kwamba niliupiga ubao wa kwenu. La, mimi sikuupiga. Sikuvuka hata utepe."

"Najua hukuupiga."

"Unajua, halafu unataka niseme nimeupiga?"

"Nataka mama yangu ale."

"Na mimi je? Fundi aliyekiri kuupiga ubao wa watu, nani atamwita tena kwenye nyumba ya kale? Watasema huyo ndiye aliyefukuza mizimu Chiang Mai. Halafu hivyo vitu. Nilikuwa nimepanga kuvileta hapa kwa ajili yako. Nivilete kama mwizi? Nitakuwa mkwe wa namna gani, kila mama yako akinitazama anamwona mtu aliyemfukuza mama yake?"

"Mwambie basi ukweli wako mwingine. Mwambie ulichokuwa unasikiliza."

Phuri akatikisa kichwa. "Ubao umeliwa, La. Umebaki ganda. Nimwambie hivyo, kwamba ngao ya nyumba yenu ni unga mtupu? Ndipo atakula?"

Hapo Saengla alikasirika. Mtu akiwa na mgonjwa ndani, hasira humkaa karibu sana.

"Basi una heshima zako nyingi, kaka. Mama yangu anakufa, wewe unahesabu watu watasema nini."

"Usiseme hivyo."

"Nenda."

"La."

"Nimesema nenda. Nguzo zimekwisha kugongwa zote."

Alikwenda. Alichukua begi lake, akatembea kwenye mvua bila mwavuli, mpini wa nyundo umechomoza vilevile. Saengla alimtazama mpaka getini, akitaka ageuke, akiomba asigeuke.

Simu iliita jioni ile, na jioni zilizofuata. Saengla alikuwa anaiangalia ikitetemeka juu ya mkeka, jina la Phuri likiwaka na kuzimika, hakupokea. Kisha ikaacha kuita. Muuza tambi wa karibu na mto alimwambia kwamba fundi wake amepata kazi ya paa la hekalu milimani, mkoa wa Nan, huko ambako mawasiliano yanakuja na kupotea. "Mligombana?" aliuliza. "Niwekee za kubeba," Saengla akajibu, "za mtu mmoja."

Mvua zilinyesha, wageni wakapungua. Aliwatembeza wachache waliokuja, akawaeleza habari za kitanda cha kufumia na mtungi wa maji, na walipomuuliza habari za ubao wa juu ya mlango alisema ni mapambo. Kila asubuhi alifagia unga kizingitini kabla mtu hajauona. Sinia ya mizimu sasa aliipandisha yeye. Aliiweka kwenye rafu, akasimama kidogo, akajaribu kusikiliza. Hakusikia kitu. Hakujua kama ni kwa sababu mizimu imeondoka au kwa sababu yeye hakuwahi kuisikia hata zamani.

Mwishoni mwa mvua Mama Bunpan alikuwa amebaki mifupa na macho. Adhuhuri moja aliomba ageuzwe, uso utazame mlango.

"Yule kijana," akasema.

"Mama, usijichoshe."

"Nimekuwa nikiusikiliza ule mlio. Kila siku naurudia kichwani, sina kazi nyingine. Wale walioupiga ubao wa jirani walipiga kwa nguvu, Saengla. Nyumba nzima ilikuwa inatetemeka, na wanatukana. Huyu alikuwa anagonga hivi." Akanyanyua mkono mzima, akagonga ubao wa kitanda kwa fundo la kidole, polepole, mara moja, akanyamaza, tena mara moja. "Kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Anayefukuza hagongi hivyo."

Saengla akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ubao una mchwa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwingi?"

"Wote umeliwa."

Mama Bunpan alifumba macho. Saengla aliogopa, akamshika mkono. Lakini mama alikuwa anatafuna, taratibu, kama ana majani ya chai mdomoni, ingawa hakuwa nayo. "Kumbe hakumfukuza mtu," akasema. "Bibi yako kachoka tu na nyumba mbovu. Mimi nimemwonea mtoto wa watu. Mwite, nimwombe radhi."

Saengla alitoka na simu akasimama uani kwenye matope. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, sauti ya mashine ikamwambia mtu huyo hapatikani. Alipiga asubuhi, alipiga adhuhuri, alitembea na simu mkononi kama mtu aliyebeba kaa la moto. Kule Nan wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima na halikutaka kuinuka.

Mama Bunpan alifariki akimngoja. Aliuliza kama amefika, Saengla akasema yuko njiani, na huo ndio uongo wa mwisho aliomwambia mama yake.

Watawa wa hekalu walikuja wakasoma sala, majirani wakapika, wakacheza karata kwa sauti ya chini na kukaa na maiti kama ilivyo desturi. Walimchoma siku ya jua kali. Saengla alivaa nyeupe. Moshi ulipanda wima kutoka kwenye bomba la hekalu, na alipoutazama alikumbuka kiangazi kilichopita, mji mzima unakohoa, na mtu ameketi juu ya ndoo anatunga maua.

Ilikuwa asubuhi ya siku makumbusho yalipofunguliwa tena baada ya msiba. Saengla alikuwa amepandisha sinia, na kwa mara ya kwanza alikaa kwenye mkeka wa mama yake, ndani ya kizingiti, mgongo kwenye nguzo. Hakukuwa na mwanamke mwingine wa ukoo, kwa hiyo mtunzaji sasa alikuwa yeye. Alikuwa bado hajazoea kukaa hapo. Alisikia kuku wakilalamika chini ya ngazi, akadhani ni wa jirani.

Phuri alipanda. Alikuwa amekonda, amevaa shati jeupe jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijatoka. Mkono mmoja kikapu cha kuku wawili, mkono wa pili chupa na mishumaa, na kwenye kifundo cha mkono amening'iniza koja la asumini. Nyundo ilikuwa kwenye begi lake, mahali pake. Alifika barazani, akapiga magoti upande wa nje wa utepe, akainamisha kichwa, akaanza kusema mbele ya mtu aliyedhani ni Mama Bunpan, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza.

"Mama, nimekuja kulipa. Niliupiga ubao. Nimeikosea mizimu ya nyumba hii, na wewe mama nimekukosea. Naomba unipokee."

Saengla aliinua mkono kumzuia, akaushusha. Alimwacha akiri mpaka mwisho kosa ambalo hakulifanya.

"Kaka Phuri," akasema.

Phuri akainua kichwa. Akaona ni nani aliyekaa kwenye mkeka, akaona nguo nyeupe. Chupa ikamteleza mkononi, akaidaka.

"Lini?" akauliza.

"Tulishamchoma."

"Nilikuwa juu ya paa, La. Simu niliiacha bondeni. Niliposhuka nikaona umepiga, mara zote zile, nikajua mama amezidiwa. Nikasema liwalo na liwe, nitasema anachotaka. Nilitafuta kuku njia nzima." Akavitazama vitu vilivyo mbele yake. "Nimechelewa."

"Tumechelewa wote. Alikusamehe. Hapana, si hivyo. Alitaka umsamehe yeye. Alikaa kitandani akiurudia mlio wako mpaka akauelewa, akaniambia anayefukuza hagongi hivyo."

Phuri alijifunika uso kwa mikono yake yenye makovu. Alilia kama wanaume wanavyolia, mabega tu. Saengla hakusogea kumbembeleza. Alikuwa na machozi yake mwenyewe.

Kuku walinyamaza. Unga kidogo ulidondoka kutoka juu ya mlango, ukatua kwenye nywele za Phuri, wala hakuupangusa.

"Gonga," Saengla akasema.

"Nini?"

"Gonga ubao. Nataka kuusikia. Mama aliusikia, wewe uliusikia, mimi nimekuwa nikiuzungumzia tu."

Phuri alinyanyuka. Alitoa nyundo, akasimama nje ya utepe, akanyoosha mkono akagonga mara moja, polepole. Hakukuwa na mlio wa mbao. Kulikuwa na sauti ndogo, kavu, kama mtu amegonga boksi tupu, kisha unga mwingine ukashuka.

Saengla aliisikiliza mpaka ikaisha. Hakuna aliyetembea chumbani, hakuna aliyekohoa. Kulikuwa na yeye, na rafu, na wali unaopoa.

"Utaanguka?" akauliza.

"Kabla ya mvua nyingine. Au tuushushe sisi, kwa heshima. Naweza kuchonga mwingine, lakini hautakuwa ule."

"Najua hautakuwa ule."

Alisimama, akanyoosha sketi yake kama mama alivyokuwa anafanya mgeni akifika. Alichukua koja, akalitazama. Lilikuwa limepinda, maua mengine yametazama juu na mengine chini, na akajua kalitunga nani. Alilipeleka kwenye rafu akaliweka, kisha akarudi kizingitini.

"Sikiliza, kaka Phuri. Kama umekuja kulipa faini, chukua kuku wako urudi nao, hapa hudaiwi. Kama umekuja kwa lile jambo jingine, mtunzaji wa nyumba ni mimi, hakuna mwingine wa kumuuliza. Nimeshajiuliza. Nimejikubalia."

Phuri alibaki ameshika nyundo, hajui aiweke wapi.

"Iache nje hiyo," Saengla akasema.

Aliilaza barazani, karibu na mtungi wa maji. Saengla akaufungua utepe upande mmoja, na Phuri akainama chini ya ubao ule, akavuka.